Hivi macho ya Wakenya yanafutwaje kwenye seva? Naomba kueleweshwa

Mdau wa Namanga aliandika:

Habari za saa hizi wakuu. Mimi niko Namanga upande wetu wa Bongo, nina kibanda cha vinywaji na nusu ya wateja wangu ni Wakenya, kwa hiyo habari za Nairobi nazipata kabla hata ya za Dodoma. Wiki hii gumzo ni moja tu, Jumatatu tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya huko, Jaji Roselyne Aburili, ameamua ile kesi ya Katiba Institute (shirika la kutetea katiba) dhidi ya Worldcoin, wale waliokuwa wanapiga watu picha ya mboni ya jicho mwaka 2023 halafu wanawapa tokeni za kripto, yaani sarafu za mtandaoni. Kawaambia ndani ya siku saba wafute data zote za mwili walizokusanya Kenya na ofisi ya kamishna wa data isimamie.

Sasa maswali yangu. La kwanza, zinafutwaje? Yaani huyo afisa anakwenda wapi kusimamia, seva zenyewe, yaani kompyuta zinazohifadhi data, ziko ng'ambo, anasimama nyuma ya mzungu anamwambia bonyeza hapo? La pili ndilo linanikera zaidi. Mtu mzima kaamka alfajiri, kapanga foleni mwenyewe bila kushikiwa bunduki, kaangalia kile kidude, kachukua shilingi zao kama elfu saba nane hivi (wakati ule ni laki na ishirini na ushee za kwetu), leo mahakama inasema hakuridhia? Mimi naona kama tunafanywa watoto. Shemeji yangu ni mmojawapo, nimemuuliza kasema hela aliila na hana deni na mtu.

Msinitukane, naomba kueleweshwa tu.

Chuma Ulete:

Mkuu kufuta hakuna hapo, ni sawa na kumwambia mtu atapike ugali wa juzi. Picha walishachukua, mashine zilishajifunza, sasa hivi wanafuta folda wanabaki na nakala. Tusubiri siku ya saba tutaletewa barua yenye lugha ya heshima kwamba tumefuta, imeisha hiyo.

Fundi wa Umoja:

Nyinyi mnaongea na hamkuwa. Mimi nilikuwa KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, kwa ile foleni.

Jumanne tarehe 1 Agosti 2023, nilitoka Umoja saa kumi usiku juu niliskia ukichelewa hupati. Kufika hivi foleni ishazunguka jengo, watu wamelala na makoti, kina mama na watoto mgongoni, kuna wa smoki na mayai boilo anauza mpaka anakosa chenji, na kuna kijana alikuwa na pawabenki tatu anachajisha watu simu soo moja, huyo nafikiri ndiye alipata pesa safi kuliko sisi wote. Maana bila simu yenye app huskaniwi. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa miaka kama sitini hivi, ako na kabambe, ile ya vitufe. Akaniuliza "kijana, hii yangu haiwezi?" Vijana wawili wakamwambia watamfungulia app kwa simu yao halafu wagawane. Sikujua iliishia wapi juu nilisukumwa mbele.

Kile kitu chenyewe ni kama mpira wa chuma unang'aa, unaweka uso karibu, kuna taa inazunguka, sekunde kadhaa hivi, umemaliza. Kabla ya hapo app inakuonyesha maandishi, mimi nilibonyeza nakubali nakubali nakubali kama vile unafukuza nzi. Nikapata tokeni 25. Sikujua hata za kufanya nini. Jamaa mmoja alikuwa anazunguka hapo anazinunua keshi, akanipa elfu nne na nusu, mchana wenzangu wakaniambia ni za elfu saba na zaidi. Huyo ndiye nilimkasirikia, si mpira wa chuma.

Kesho yake serikali ikasimamisha kila kitu, Waziri Kindiki akatoa tangazo, na wikendi ile polisi wakavamia ghala lao barabara ya Mombasa wakabeba mitambo. Mdau unauliza kama niliridhia. Mimi nilikuwa na rent ya tarehe tano. Hiyo ndiyo niliridhia.

Wakili wa Kahawa:

Fundi amejibu swali la pili kuliko ninavyoweza, lakini niongezee sheria kidogo maana watu wengi wanadhani jaji kasema Wakenya hawana akili. Hajasema hivyo.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, ya wazi, ya jambo mahususi na mtu awe ameelezwa akaelewa. Kifungu cha 32 kinasema mzigo wa kuthibitisha ridhaa uko kwa anayekusanya, sio kwako wewe uliyekusanywa. Kwa hiyo swali mahakamani halikuwa "Fundi, kwa nini ulikubali?", lilikuwa "nyinyi kampuni, onyesheni kwamba alikubali kwa kujua". Na ukimtangulizia mtu pesa kabla hajasoma, hapo unanunua, huombi ridhaa. Mahakama imeona ridhaa ile ilipatikana kwa kishawishi.

Na kuna jambo la pili ambalo wengi wanalipita, nalo kwa kweli ndilo zito zaidi kisheria. Kifungu cha 31 kinataka tathmini ya athari, yaani kupima kwanza data hizo zinaweza kumdhuru mtu vipi, ifanyike KABLA ya kuanza kukusanya data nyeti kama hizi. Hiyo haikufanyika inavyotakiwa. Sasa hapo hata kama watu wote wa KICC wangekuwa maprofesa na wamesoma kila mstari, bado kosa liko palepale. Ni kama kufungua bucha bila mkaguzi kupita, nyama inaweza kuwa safi kabisa lakini huna kibali.

Mdau, kwenye hoja yako ya kufanywa watoto, nikuulize, wakati tokeni zinagawiwa Nairobi, Mmarekani aliyekubali kupigwa picha ya jicho kwao alikuwa anapewa nini? Hakuwa anapewa. Sheria za fedha za huko zilikuwa zinawatia kiwewe hao Worldcoin, wakaziacha tokeni nje ya Marekani mpaka juzi hapa, mwisho wa Aprili mwaka huu ndio wamezindua kwao rasmi. Yaani sisi tulikuwa kisahani cha kuonjea chumvi.

Mlinzi wa Seva:

Swali la kwanza la Mdau halijajibiwa, ngoja nijaribu, ndio kazi inayonilisha.

Kile kidude kinapiga picha ya mboni halafu kinaigeuza kuwa msimbo, namba ndefu. Mboni ya kila mtu ina mistari yake hata mapacha hawafanani. Kampuni inasema picha yenyewe haibaki ndani ya kidude ila kama wewe uliruhusu iwekwe, na mwaka jana wakaongeza utaratibu wa kuvunjavunja ule msimbo vipande vikakaa sehemu tofauti asiwepo mmoja mwenye wote. Kiufundi ni kazi nzuri, sitawanyima haki yao.

Lakini kazi ya msimbo ni nini? Ni kukulinganisha na wote waliopita wajue hujaja mara mbili. Sasa hapo ndipo unapata kipimo cha kufuta. Kama kweli wamekufuta, ukienda leo mbele ya kidude hicho nchi nyingine kikutazame kama mgeni kabisa. Kikisema "wewe tunakujua", basi hawajafuta, hata walete barua yenye mhuri wa dhahabu. Afisa wa kamishna asiishie kusoma ripoti, achukue watu hamsini waliojitolea akawapimishe hivyo.

Pale ambapo Chuma Ulete ana haki ni kwenye kujifunza. Picha zilizoruhusiwa kubaki zilikuwa za kufundishia programu. Ukifuta picha hufuti kile mashine ilichoshajifunza. Ukimfundisha mtoto kusoma halafu ukachoma kitabu, mtoto hawi mbumbumbu tena. Hapo mahakama yoyote duniani bado inapapasa.

Mmoja wa waanzilishi wa mradi, Sam Altman, ndiye huyohuyo wa OpenAI, wale wa ChatGPT. Hoja yake ni kwamba akili bandia itajaza intaneti watu feki, kwa hiyo tunahitaji njia ya kuthibitisha huyu ni binadamu. Jamaa anatoboa mtumbwi halafu anatuuzia kopo la kuchotea maji.

Binti wa Kisosora:

Jamani mimi niulize kitu mbona hakuna anayekigusa. Januari 2020 hapa Tanzania laini zetu zilikuwa zinafungwa kama hujasajili kwa alama za vidole, nilipanga foleni pale Tanga mjini siku mbili na mtoto wa miezi minne, hakuna aliyenipa hata maji ya kunywa, achilia mbali laki na ishirini. Hakuna aliyeniuliza umeridhia. Sasa kampuni ikichukua jicho kwa hela ni dhambi, serikali ikichukua kidole bure tena kwa vitisho ni maendeleo? Wakili tusaidie hapo.

Na wanaosema data hazina madhara, mimi niliwahi kukopa elfu hamsini kwenye app moja ya mikopo, jina naliweka kapuni. Nilichelewa siku tatu. Wakampigia mama mkwe. MAMA MKWE wangu, wakamwambia mkweo ni tapeli. Namba yake waliipata wapi? Kwenye simu yangu, nilibonyeza nakubali kama Fundi. Mpaka leo nikienda kwao ananikaribisha chai kwa sauti ile ya wageni.

Wakili wa Kahawa:

Pole dada, hiyo ya mama mkwe inauma. Hoja yako ni ya haki kabisa na Kenya walishaipitia. Katiba Institute hao hao waliwahi kuipeleka serikali mahakamani juu ya kadi za Huduma, vile vitambulisho vya kidijitali, na Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akazitupa kwa sababu ileile, tathmini ya athari haikufanyika kwanza. Kwa hiyo pale fimbo imewapiga wote wawili. Kwetu Tanzania tunayo sheria ya kulinda data ya mwaka 2022, imeanza kazi Mei 2023, na tume yake ipo. Fimbo tunayo, hatujaona bado ikimshukia mkubwa.

Chuma Ulete:

Wakili wewe unaipenda sana karatasi. Huduma zilitupwa, si wakaja na Maisha Namba, kitambulisho kingine cha kidijitali? Jina limebadilika kidole ni kilekile 😂

Mswahili wa Nürnberg:

Naingilia toka huku Ujerumani maana kuna watu wanadhani hii ni vurugu ya Kiafrika tu. Ofisi ya hao Worldcoin ya Ulaya iko Erlangen, toka hapa ninapokaa ni treni kama dakika ishirini, mji mtulivu wa wanafunzi na baiskeli, ukipita huwezi kujua hapo kuna mambo ya macho ya dunia nzima. Mamlaka ya data ya Bavaria iliwachunguza muda mrefu na Desemba 2024 ikawaamuru waweke utaratibu wa kufuta unaofuata sheria ya Ulaya, wao wakakata rufaa. Hispania na Ureno waliwasimamisha Machi 2024. Hong Kong nao Mei mwaka huohuo wakawaambia wakomee. Brazili Januari hii wamekataza kulipa watu kwa jicho, hoja yao ni ileile ya Jaji wa Nairobi. Indonesia wamesimamisha wiki hii hii.

Kwa hiyo Mdau, kama Wakenya wamefanywa watoto basi na Wahispania wamefanywa watoto. Tofauti ninayoiona mimi, Madrid watu walipanga foleni kwenye maduka makubwa wakiwa na ayskrimu mkononi, sio na mtoto mgongoni saa kumi usiku.

Ila niseme na upande wa pili, mimi nafanya kazi na Wasudani na Waeritrea ambao hawana karatasi hata moja, na kuna siku najiuliza kitambulisho kisichotegemea serikali yoyote kingewafaa kiasi gani. Wazo lenyewe silitupi. Natupa ile namna ya kumkuta mtu ana njaa ukamwambia fumbua jicho.

Mdau wa Namanga:

Wakuu nimewasoma wote, asanteni. La kwanza nimeelewa, ile ya kupimwa watu hamsini ni akili kubwa sijui kama kamishna anatusoma. La pili bado sijakubali kwa asilimia zote. Mama wa kabambe anayesemwa na Fundi, kweli huyo hakuridhia na hata hela sijui kama aliiona. Lakini Fundi mwenyewe na shemeji yangu, mimi bado naona waliuza kitu chao. Tatizo langu ni bei. Kama kitu hiki kina thamani hivyo mpaka majaji na mamlaka za nchi kadhaa wanakigombania, mbona kilinunuliwa kwa bei ya gunia la mkaa na mfuko wa sukari?

Shemeji nimemsomea hii mada hapa dukani, anauliza yeye akitaka kujifuta mwenyewe bila kusubiri hizo siku saba anafanyaje.

Fundi wa Umoja:

Hata mimi nilikuwa nauliza hiyo. Nimetoa ile simu ya zamani kwa droo, kioo imepasuka lakini inawaka. App bado iko. Nimeifungua inaniambia lazima niapdeti kwanza ndio iendelee, na ukiapdeti kuna masharti mapya ya kukubali. Kitufe cha nakubali ni kikubwa, kile kingine hata sikioni juu ya ufa. Nibonyeze?

Mlinzi wa Seva:

USIBONYEZE. Piga skrinshoti, ukishindwa piga picha kwa simu nyingine hivyo hivyo na ufa wake, ionekane tarehe. Halafu andika malalamiko kwa kamishna wa data uiambatanishe.

Fundi wa Umoja:

Sawa. Chaji iko asilimia nne, ngoja nitafute waya.