Ukoo wa Bi Mwanakombo: kitanda na kabati la Zuhura

IJUMAA

Shangazi Saumu, saa 1:12 asubuhi
Assalaam alaykum wanaukoo wote. Nawakumbusha lile jambo tulilolizungumza Idi iliyopita pale nyumbani Barabara ya 9, kwamba safari hii mtoto wetu hatutampeleka kwa mumewe na vyombo vya dukani vinavyong'aa mwaka wa kwanza na kuvimba mwaka wa pili, bali tutamtengenezea kitanda na kabati ambavyo wajukuu zake watavikuta. Mchango ni shilingi laki moja kwa kila nyumba, na mwisho wake ni Jumapili. Zuhura hayumo humu kwa makusudi, kwa hiyo naomba asiambiwe.

Shangazi Saumu, saa 3:40 asubuhi
Naona ujumbe umesomwa na karibu kila mtu, lakini hata "amina" sijaiona.

Idrisa (Temeke), saa 4:05 asubuhi
Wa alaykum salaam, Shangazi. Mimi nipo. Kitanda changu ni cha mbao za unga, na tangu masika yaanze kimekuwa uji, kwa hiyo nalala chini na kusoma ujumbe kutoka huko huko chini.

Fatuma, saa 4:09 asubuhi
😂😂😂

Idrisa (Temeke), saa 4:11 asubuhi
Ila nauliza kwa adabu: kitanda si huletwa na mume? Tukipeleka na chetu, wataviweka viwili chumba kimoja?

Shangazi Saumu, saa 4:30 asubuhi
Cha mume kitakuwa cha mume, Idrisa, na hiki kitakuwa chake yeye, hata likitokea la kutokea. Naomba tusicheke kwanza.

Jana nilikwenda kwa fundi mmoja wa Makorora. Mlangoni palikuwa na stuli nzuri ajabu, nyekundu ya kuiva, akaniapia kwamba ni mninga mtupu wa Tabora. Nikaipindua, nikakwangua chini ya kikalio kwa ufunguo wa nyumba, mahali ambapo brashi haifiki vizuri, nikaona weupe wa paina. Nilipoinyanyua kwa mkono mmoja ikanyanyuka bila kunielemea, nami na miaka yangu hii sina nguvu za kunyanyua mninga namna hiyo. Alicheka, akasema stuli hiyo ni ya wateja wasiopindua. Kisha akanipeleka uani, ambako mninga wenyewe upo, akanionyesha. Bei ya kitanda na kabati ni milioni mbili na laki nne.

Ami Bakari, saa 7:15 mchana
Saumu, mbao hizo za uani umeziona zimekauka, au umeona rangi tu?

Shangazi Saumu, saa 7:16 mchana
Fundi amesema zimekauka.

Ami Bakari, saa 7:48 mchana
Fundi hawezi kukuambia jingine. Pale karakana ya reli kanuni yetu ilikuwa mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao zikiwa zimepangwa kivulini na kutenganishwa kwa vijiti ili upepo upite katikati. Mbao ya inchi moja ya kabati naweza kuikubali, lakini tendegu, yaani mguu wa kitanda, la inchi nne haliwezi kukauka kwa miezi minne iliyobaki kabla ya harusi, labda liwe limepita kwenye tanuri, na Makorora tanuri silijui. Likiwekwa bichi litapasuka, na ulimi wa mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni, utacheza ndani ya tundu lake, kitanda kianze kulia usiku kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa.

Idrisa (Temeke), saa 7:50 mchana
Ami, kitanda kulia usiku mwezi wa kwanza si kasoro ya seremala.

Shangazi Saumu, saa 7:51 mchana
Idrisa, Bibi anasomewa humu.

Idrisa (Temeke), saa 7:51 mchana
Ujumbe huu umefutwa

Ami Bakari, saa 8:20 mchana
Naendelea. Kuhusu mti wenyewe, mninga ni mzuri kwa sababu ukishakauka hautembei sana, yaani hausinyai wala haupindi kwa hewa hii yetu ya bahari. Mvule nao mchwa hawaupendi, ila ndani yake mna mawe, mawe kweli kweli, na tulikuwa tukivunja meno ya msumeno kwa ajili yake, ndiyo maana vijana wa siku hizi wanaukwepa. Msaji, yaani mtiki, wa shamba la Longuza tunao hapa hapa Muheza, una mafuta yake, na ndio uliojengewa majahazi. Tatizo ni kwamba mwingi unaouzwa mitaani umevunwa ukiwa mchanga na una weupe mwingi pembeni. Weupe huo hauna ulinzi. Kiini kitadumu, na ule weupe utabunguliwa, utaamka asubuhi ukute unga sakafuni chini ya tendegu. Kwa hiyo usiulize tu jina la mti, uliza mbao imetoka sehemu gani ya gogo, na umwombe hati ya kusafirishia ya TFS, wale wakala wa misitu, kwa sababu mninga unaoshushwa usiku bila hati unaweza kukamatwa ukiwa nusu kitanda.

La mwisho, gundi isitumike kwenye mifumbati. Ulimi uingie kwenye tundu na kukazwa kwa kabari au bolti inayofunguka, ili kitanda kivuliwe, kipite mlangoni na kusimamishwa nyumba nyingine. Chaga zikivunjika zibadilishwe bila kugusa kingine. Kitanda kisichovuliwa hakihami, na kisichohama hakirithiwi, kama lile kabati la Temeke.

Idrisa (Temeke), saa 8:22 mchana
Kabati la Temeke liachwe lilale kwa amani huko kwa mnunuzi wa nyumba.

Shangazi Saumu, saa 10:00 jioni
Ahsante Bakari. Mpaka sasa waliochanga ni watatu. Nassor, Mwanaisha, kaka Athumani, mjomba wa Pangani, nawataja kwa majina.

JUMAMOSI

Nassor (London), saa 6:35 usiku
Shikamooni nyote. Nimechelewa kwa sababu ya zamu za kazi. Nitachangia kwa nyumba mbili. Hata hivyo nina ombi moja ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu: kile kiti cha enzi cha Bibi, ambacho babu alikuja nacho kutoka Siyu, kule Lamu, kipo pembeni ya ukumbi na watoto wanakikalia ovyo, na nyuzi za mgongoni zimeshaanza kukatika. Je, haingekuwa bora nikakichukua huku, nikakipeleka kwa wataalamu wakakirekebisha, kikabaki katika familia?

Fatuma, saa 2:18 asubuhi
Marahaba ya wakubwa itakuja, lakini kaka Nassor, kiti hicho ni mpingo uliotiwa njumu za pembe za ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, na mpingo nao umo katika orodha ya pili ya mkataba huo tangu 2017. Bila vibali kutoka pande zote mbili kinaweza kuzuiliwa bandarini kisirudi kwako wala kwetu. Na huko kwenu ipo sheria ya pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inayokataza kuuza hata vitu vya kale vyenye pembe isipokuwa kwa misamaha michache, kwa hiyo hata wanao hawataweza kukiuza kwa urahisi.

Nassor (London), saa 2:40 asubuhi
Sikusema ninataka kukiuza.

Mwanaisha, saa 3:02 asubuhi
Angalau kiti kipo na kinaonekana, na kila mtu anajua kilipo. Mimi nimenyamaza tangu jana kwa sababu kila nikisoma neno "kurithisha" nakumbuka kitanda cha besera, kile cha nguzo na paa juu, ambacho baba yangu alizaliwa juu yake, kilivyopakiwa kwenye lori usiku huku sisi tumefungiwa chumba cha nyuma. Aliyekipakia yumo humu na amesoma kila ujumbe. Kabla ya kuchangia kitanda kipya, ningependa mtu anieleze cha zamani kilikwenda wapi, maana kama urithi wenyewe ni wa kubebwa na lori, laki moja yangu nitanunulia godoro.

Shangazi Saumu, saa 3:05 asubuhi
Mwanaisha mwanangu, hapa si mahali pake.

Mwanaisha, saa 3:06 asubuhi
Mahali pake ni wapi, Shangazi? Nimeshauliza msibani, nimeshauliza Idi.

Idrisa (Temeke), saa 3:30 asubuhi
Jamani, mimi naweza kuchangia hata na zile mbao zangu za unga.

Fatuma, saa 5:47 asubuhi
Nipo na Bibi. Nimemsomea yote tangu jana, ameniagiza niandike kama alivyotamka na nisipambe. Anasema:

"Kitanda cha besera nilikiuza miye, kwa kinywa changu, mwaka ule wa mvua za El Niño, na mnunuzi nilimwita miye. Athumani nilimwagiza abebe na asiseme. Alibeba, na hakusema. Fedha yake ililipa ada ya bweni. Mwanaisha, baba yako alikuwa hajatimiza miezi sita kaburini, nami sikutaka usome huku ukijua umesomeshwa na kitanda alichozaliwa baba yako. Sasa umejua.

Hicho cha Zuhura, mti mbichi haurithiwi. Kabati lipelekwe, kitanda kisubiri mbao ikauke, kwani harusi haimsubiri seremala. Na kikishakwisha mpeni mkononi mbele ya watu, iwe hiba yake, kwa sababu miye nikifa hakuna kadhi atakayewapasulia kitanda kwa mafungu ya thumuni na sudusi.

Kiti changu hakiendi Ulaya. Watoto wakikalie."

Mjomba wa Pangani, saa 9:55 alasiri
Assalaam alaykum. Nilikuwa baharini, ndiyo nafungua simu sasa. Naunga mkono mia kwa mia. Laki moja hiyo ni ya kitanda peke yake au pamoja na kabati?

Mwanaisha, saa 11:20 jioni
Shikamoo Bibi. Nimesikia. Ami Athumani, nitakupigia baada ya magharibi.

Ami Athumani, saa 11:58 jioni
Pigia. Mbao za kabati zikipatikana, nitabeba.

JUMAPILI

Shangazi Saumu, saa 1:05 asubuhi
Assalaam alaykum. Kwa heshima ya neno la Bibi, kabati litatangulia na kitanda kitafuata mbao zikikauka. Isipokuwa napenda mjue kwamba Alhamisi ile ile nilishatoa arubuni ya laki nne kwa vyote viwili, kwa kuwa kulikuwa na mteja mwingine anazitolea macho zile mbao. Bakari, tafadhali twende wote Jumanne ukamwambie fundi kwamba arubuni ihesabiwe kwenye kabati, na matendegu akayapange kivulini na kuyaandika jina letu, asije akamuuzia mtu.

Ami Bakari, saa 4:40 asubuhi
Jumanne nina kliniki. Na mimi sijakubali mninga, nilisema tuuone msaji kwanza.

Shangazi Saumu, saa 4:41 asubuhi
Basi Jumatano.

Nassor (London), saa 8:10 mchana
Nimetuma ya nyumba mbili. Kama kitanda kimesogezwa mbele, nyumba ya pili ihesabiwe kwenye nyuzi za kiti.

Shangazi Saumu, saa 8:12 mchana
Mwanangu, usinichanganyie hesabu. Waliochanga sasa ni watano, na leo ndiyo siku ya mwisho, ambayo nimeisogeza hadi Ijumaa. Nani ana vipimo vya mlango wa chumba cha Zuhura kule Mikanjuni? Fundi hawezi kukata ubao wa kabati bila kujua upana wa mlango.

Idrisa (Temeke), saa 12:30 jioni
Vipimo anavyo Zuhura mwenyewe, ambaye hatakiwi kujua.

Mjomba wa Pangani, saa 3:15 usiku
Sijajibiwa kuhusu laki moja.