Gari lisilo na geji ya joto la oili lizuiwe kuingia saketi?

Mwanzisha mada: Wenye magari ya tabo, hebu semeni. Wiki nzima gari linakupeleka kazini, Jumamosi unalibana kwenye saketi, yaani uwanja wa mbio. Mimi nataka waandaaji wakatae gari lisilo na geji ya joto la oili. Mshale wa dashibodi unasoma maji, nao hutulia katikati hata oili ikiwa imefika nyuzi 130. Mjini kawaida ni 90 hadi 100. Oili ikizidi kuwa nyepesi, utando kwenye beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) unakwisha, injini inaanza kugonga. Konrodi ikitoboa bloku, oili inamwagika mbele ya mwenzako anayeingia kona. Hapo hasara si yako peke yako.

Fundi wa gereji: Geji sawa. Shida ni kesho yake: kijana kaona 130, anakuja anataka kipoza oili kikubwa kuliko rejeta. Namuuliza, thamostati iko wapi, ile vali inayozuia oili kwenda kwenye kipoza mpaka ipate moto? Hana habari. Bila hiyo, asubuhi ya Julai Nairobi, safari fupi fupi, oili haipati moto wa kutosha. Unyevu na petroli iliyopenya haviondoki. Fungua kifuniko, utakuta ute wa rangi ya chai ya maziwa. Funga sahani ya chini ya filta yenye thamostati inayofunguka kwenye 80 na kitu. Halafu mabomba! Nimeshavuta gari lililomwaga oili yote kwa sababu kiungo cha kipoza kililegea. Sasa nani alimwagia nani oili?

Mwenye Vitz: Mie sina tabo wala haraka. Geji ya nini? Si nichomeke kisomeo cha OBD tu, kile kinachosoma kompyuta ya gari?

Mwanzisha mada: Ndugu yangu, magari mengi hayana kihisi cha joto la oili. Kisomeo kitakupa la maji, na kwingine ni makadirio ya kompyuta.

Mama Impreza: Nyinyi vijana mmeshikilia joto. Mimi natumia oili ya 5W-40, kwa sababu kwa vipimo vya SAE, shirika la viwango vya magari, kwenye nyuzi 150 lazima unato wake ubaki angalau 3.5, wakati oili nyepesi ya 0W-20 inaruhusiwa kushuka hadi 2.6. Mizunguko mitatu ya kubana, mmoja wa kupoza, basi. Na bado injini ilikufa, geji ikisoma 112! Kona ndefu ya kulia, oili ikakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu ikavuta hewa. Presha ndiyo iliyoniua. Kama mnaweka sheria, anzeni na taa ya presha, na oili ijazwe hadi alama ya juu.

Fundi wa gereji: Mama kasema. Ila isipite alama, nayo inatoa povu.

Mwanzisha mada: Basi geji mbili. Mwenye Vitz, usinune.

Mwenye Vitz: Sinuni. Nauliza tu nani atazikagua getini, yule anayekata tiketi?