Naomba ushauri: filamu moja imenigawanyia wateja

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda umiza hapa Kihesa, Iringa, kiingilio mia tano. Jumamosi nilichoka na ngumi za kila siku, nikaweka The White Ribbon ya Michael Haneke, ile iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, 2009. Kijiji cha Ujerumani, 1913, vita inanukia. Daktari anaangushwa na farasi kwa waya uliotegwa, ghala linaungua. Nani kafanya? Inaisha hujaambiwa.

Zaidi ya saa mbili, nyeusi na nyeupe, haijatafsiriwa na dijei. Nusu saa haijafika, vijana wa bodaboda wakaanza: "Bosi, rangi imeisha?" Wawili wakadai hela, nikawarudishia (roho iliniuma). Ila wanachuo saba na mzee mmoja muuza mahindi hawakubanduka. Pale mtoto anapotumwa akalete fimbo ya kuchapiwa mwenyewe, mlango unafungwa, unasikia sauti tu. Kibanda kilinyamaza, hata karanga hazikutafunwa. Mzee akasema, "Na miaka hiyohiyo hawa ndio walikuwa wanatutawala huku. Fuvu la chifu wetu Mkwawa walilolibeba limerudi Kalenga 1954."

Sasa wanachuo wanataka nyingine kama hiyo, bodaboda wamehamia kwa jirani. Na bodaboda ndio wanaolipa umeme wangu. Nitenge siku moja katikati ya wiki, au nitafute mtu wa kutafsiri papo hapo? Mwenye kibanda aliyewahi kujaribu, alimudu vipi?