Molariti iliyotengenezwa Julai, ikitumika Novemba: nirekebishe?

mtunza_maabara, Dodoma
Wakuu, nina myeyusho wa sodiamu kabonati wa 0.1 M (molariti 0.1): gramu 2.65 za unga mkavu ndani ya flaski ya 250 ml, ilijazwa asubuhi ya Julai, maabara ikiwa nyuzi 18. Leo mchana kipimajoto kinasoma 32. Lebo bado ni sahihi? Ningeandika kwa asilimia ya uzito ingekuwaje?

alama_ya_20
Imeshuka kidogo. Molariti ni moli (kipimo cha kiasi cha kemikali) kwa lita ya myeyusho, na maji yakipata joto yanapanuka: mililita moja ni gramu 0.9986 kwenye nyuzi 18, na 0.9950 kwenye 32. Chukua 0.1000, zidisha kwa 0.9950, gawa kwa 0.9986, unapata 0.0996. Kwenye 25 ml tofauti hiyo ni kama 0.09 ml, matone mawili ya bureti (mrija wa kupimia wenye koki). Asilimia ya uzito na molaliti (moli kwa kilo ya kiyeyushi) hazisogei, maana hazina ujazo ndani yake. Kupanuka kwa kioo cha flaski ni 0.03 ml hivi, achana nako.

Ethanoli usiipigie hesabu kwa namba hizi. Yenyewe inapanuka karibu mara nne ya maji.

mwl_kemia
Hesabu iko sawa, ila kama asidi unayoipima kwa kabonati hii nayo ni ya Julai na imekaa chumba hichohicho, zote zimepanuka pamoja; uwiano wa taitresheni (kupima kimiminika kimoja kwa kingine hadi vimalizane) haubadiliki. Ukitengeneza asidi mpya leo, hapo ndipo urekebishe.

Kinachoharibu kazi zaidi ni kujaza flaski ikiwa ya moto. Sodiamu haidroksaidi hutoa joto inapoyeyuka. Ukiweka gramu 10 ukajaza hadi alama ya 250 kwenye nyuzi 45, ikipoa hadi 20 kimiminika kinashuka chini ya alama, na 1 M yako ni karibu 1.01. Yeyushia kwenye bika (bilauri ya maabara) kwa maji 150 ml, subiri ipoe kabisa, mimina kwenye flaski, suuza bika mara tatu na maji ya kusuuzia yote yaingie humo, ndipo ujaze. Ulishajaza ya moto? Kama hujamwaga wala kuchota, ongeza maji hadi alama ikishapoa, kisha tikisa vizuri.

mtunza_maabara
Asante mwalimu. Mfuniko wa chupa umelegea, lakini.

alama_ya_20
Basi mkuu, marekebisho ya joto hayana kazi tena. Kwa ukavu wa Dodoma maji yamevukia miezi yote hiyo, na hakuna hesabu ya kukuambia ni kiasi gani. Pima gramu 2.65 nyingine.