Tuzo ya Tinariwen: walishinda wao au wageni wao?

Mleta mada, Uyole
Wadau, kuna albamu inaitwa Tassili, ya Tinariwen, lile kundi la Watuareg wa kaskazini mwa Mali. Ilitoka 2011, na 2012 ikabeba Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, upande wa muziki wa dunia. Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliisifu: jangwa, ukimya, moto wa kuni usiku. Hoja yangu: bila wageni walioalikwa kwenye albamu, Tunde Adebimpe na Kyp Malone wa TV on the Radio, na Nels Cline wa Wilco, bendi za roki za Marekani, nani angewapa? Albamu yao Aman Iman ya 2007 ina moto kuliko hii na Grammy hawakupata. Leteni hoja, si matusi.

Mdau wa Tukuyu
Mkuu, hapo umechemka. Albamu yao Imidiwan ilichukua tuzo ya jarida la Uncut la Uingereza 2009, na hao Wamarekani hawakuwemo. Halafu wageni unaowataja wapo kwenye nyimbo chache tu. Vaa spika za masikioni usikilize wimbo wa kwanza. Ule mvumo wa nyuma ndio Cline. Lakini kinachobeba wimbo ni gitaa kavu la Ibrahim Ag Alhabib, kiongozi wa Tinariwen: kidole gumba kinagonga uzi uleule wa chini, hauhami, vidole vingine vinazungukazunguka juu yake, na makofi yanafuata. Mwondoe Cline, wimbo unabaki. Muondoe Ibrahim uone.

Binti wa Kihesa, Iringa
Kamwene. Mimi nipo katikati, ila wimbo wao Ya Messinagh siumezi. Tarumbeta za Dirty Dozen Brass Band wa New Orleans zimekaa kama mgeni aliyeingia msibani na vuvuzela. Hata kwetu yalitokea: 2002 Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo, alitoa albamu ya Assembly na Mkanada Michael Brook, na mzee wangu akiisikia huuliza ilimba, ile ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, imefichwa wapi.

Mleta mada
Dada, umenisaidia! Ndicho ninachosema.

Binti wa Kihesa, Iringa
Sijakusaidia, kaka. Nimeulaumu wimbo mmoja. Tuzo sijaigusa.

Dereva wa fuso, Mbarali
Mnagombania wageni wakati tatizo ni wahakiki. Kila mmoja anaandika mchanga na nyota, utadhani anauza safari za kitalii. Ibrahim baba yake aliuawa kwenye uasi wa Watuareg wa 1963 akiwa bado mtoto, akakulia uhamishoni. Hizo nyimbo zimejaa uhamisho na wenzao waliotawanyika. Na mnajua albamu yao Emmaar ya 2014 ilirekodiwa wapi? Joshua Tree, California, kwa sababu kwao hakukuwa na usalama. 2012 wenye silaha walipiga marufuku muziki kaskazini mwa Mali. Bado wapo waliosikiliza wakasema "Sahara hiyo". Sahara ya California!

Mdau wa Tukuyu
Dereva, kweli tupu. Ila na wewe usiwakatalie mandhari. Tassili walirekodi nje, kwenye majabali ya kusini-mashariki mwa Algeria, magitaa ya umeme wakayaweka pembeni kwa makusudi. Ukimya ule waliuchagua wenyewe.

Mleta mada
Sawa, la Uncut nimelipokea, sikuwa nalo. Ila hoja ya Grammy bado imesimama: waliopiga kura ni Wamarekani, na majina waliyoyatambua kwenye jalada ni ya kwao. Anayepinga anitajie Watuareg wengine walioshinda kabla ya hao.