Seiko 5 inayong'aa au Citizen iliyochakaa? Nisaidieni kabla sijatoa hela

Mnyegezi: Wakuu habari zenu. Pale Makoroboi, hapa Mwanza, nimekuta saa mbili za zamani, zote otomatiki na zote zinatembea. Moja ni Seiko 5 mashine 7009, uso wa bluu unang'aa kama imetoka dukani, elfu 90. Nyingine Citizen ya vito 21 (vile vijiwe vya kupunguza msuguano ndani ya mashine), kioo mikwaruzo mitupu na uso umefubaa, elfu 60. Roho inaipenda Seiko. Mnashauri ipi?

Fundi wa Kirumba: Mkuu, huo mng'ao ndio unaonitia shaka. Nyingi za umri huo zimepakwa rangi upya. Chukua lenzi usome maandishi madogo kabisa chini ya namba 6. Ya kiwandani ni membamba na yamenyooka, ya kupakwa ni manene na yamepindapinda. Kisha geuza: tarakimu nne za mwanzo kwenye mfuniko nazo ziwe 7009. Ukikuta 6309, hizo ni saa mbili zilizounganishwa. Mikwaruzo ya kioo isikutishe, kioo kinabadilishwa.

Binti Ziwa: Usilipe kabla mfuniko haujafunguliwa mbele yako! Huku kwetu mtu anavaa saa hiyohiyo mwaloni, anaosha nayo dagaa. Mimi nilinunua moja bila kufunguliwa ili nimpe baba. Siku ya tisa ikasimama, na ndani kutu ilikuwa ya rangi ya chai, imekula mpaka skrubu za rota, kile kipande kinachozunguka ukitikisa mkono na kuijaza saa. Iliniuma sana. Angalia pia ukungu chini ya kioo.

Mzee wa Igoma: Vijana, Seiko msiikatae kwa rangi tu, 7009 mafundi wengi wanaijua. Ila haijazwi kwa mkono, ni ya kutikisa. Citizen ikiwa ni mashine 8200 inajazwa pia kwa mkono. Mnyegezi, jaribu kubadilisha tarehe, lakini si mishale ikiwa kati ya saa tatu na saa tisa usiku. Muda huo meno ya tarehe yameshikana, unaweza kuyavunja.

Mnyegezi: Asanteni sana. Leo nimerudi. Mwenye Seiko kagoma kufungua, nikaiacha. Citizen imefunguliwa: 8200 kweli, rota safi, skrubu moja tu imechubuka kichwa. Nimeijaza kwa mkono, mshale wa sekunde ukaondoka bila kusita. Kanipunguzia hadi elfu 50. Kioo nabadilisha mwisho wa mwezi. Fundi wa Kirumba, unacho cha milimita 30?