Wino unaruka mistari baada ya likizo: nizibue vipi kichwa cha printa?

Mwalimu wa Tanga
Ndugu zangu, naomba msaada. Printa yangu ya nyumbani, ya matangi ya wino, haikutumika tangu shule zilipofungwa, na sasa maandishi meusi yanatoka na mistari mieupe, huku rangi ya njano haionekani kabisa. Matangi yamejaa zaidi ya nusu. Nimeendesha usafishaji wa kichwa (sehemu inayonyunyiza wino kwenye karatasi) kupitia menyu mara kadhaa mfululizo bila mabadiliko. Je, niendelee, au nikioshe kwa mkono?

Fundi Printa
Mwalimu, usiendelee. Kila usafishaji hufyonza wino kupitia matundu na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani ya mashine, na sponji hiyo ikihesabiwa kuwa imejaa, printa hukataa kuchapa hata kama kichwa ni kizima. Chapa ukurasa wa kupima matundu, uuhifadhi, kisha iache mashine kwa saa 12, kwa kuwa wino mbichi huhitaji muda kuulainisha uliokauka. Ndipo uchape ukurasa mwingine na kulinganisha. Mapengo yakihamahama, tatizo huwa ni hewa kwenye mirija. Yakibaki palepale, matundu yameziba. Mweusi wa mashine nyingi za matangi ni wa pigmenti, yaani chembe ngumu zinazoelea majini, hivyo huganda kuliko rangi nyingine.

Stesheneri ya Mtaani
Nakubaliana na fundi. Ikibidi kuosha, chomoa waya wa umeme kichwa kikiwa kimetoka maegeshoni, yaani pembeni kinapopumzika, loweka kitambaa kisichotoa nyuzi, kikunje, kiweke kwenye njia ya kichwa, kisha sukuma kichwa polepole mpaka kikae juu yake kwa saa chache. Kikigoma kusogea, usitumie nguvu. Wenye printa ambazo kichwa kimo kwenye katriji yenyewe wana nafuu, maana wakishindwa kuizibua hununua katriji mpya na kupata kichwa kipya.

Mwalimu wa Tanga
Asanteni. Kitambaa nikiloweke kwa kitu gani? Maji ya bomba, spiriti, au maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta?

Fundi Printa
Maji ya betri yanafaa, mradi ni yale yaliyosafishwa ya kuongezea, si tindikali. Soma lebo, maana chupa zaweza kufanana. Ya bomba huacha chumvi yakikauka, na ya visima vya Pwani ndiyo mabaya zaidi. Spiriti ya duka la dawa siipendi, kwani nyingine hutiwa mafuta.

Jambo moja ambalo wengi hawalijali: zima printa kwa kitufe chake, usizime kwenye soketi, ili kichwa kirudi maegeshoni na kufunikwa na kifuniko cha mpira. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi. Ukirudi, washa mashine hata kama huna cha kuchapa, iache ikiegeshe, kisha uizime.